Misafara ya Watalii wa Shanta na Nafasi ya Kiswahili: Mtazamo Kutoka Kiirua

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa sana katika hotuba za utalii na huandikwa kwenye mabango ya kuwakaribisha wageni. Hata hivyo, ni nadra mtu kuuliza iwapo mwenyeji hupona kweli, na akipona, ni mwenyeji yupi. Swali hili lina uzito wa pekee katika sehemu zilizo kandokando ya barabara kuu, ambako mgeni huonekana kila mara, naye hupita bila kushuka.

Kiirua ni mojawapo ya sehemu hizo. Ni kituo cha biashara na makao ya wakulima katika eneo la Buuri, kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Upande wa juu kuna baridi, na ardhi hutoa viazi, mahindi, maharagwe na ngano. Upande wa chini nchi huteremka kuelekea nyanda kavu za Isiolo, ambako wafugaji huongoza ngamia, ng'ombe na mbuzi. Si mbali na Kiirua ni njia panda ya Subuiga. Hapo barabara itokayo Nanyuki na Timau hugawanyika: moja huelekea mjini Meru, na nyingine hushuka Isiolo na kuendelea hadi Marsabit, Moyale na Ethiopia. Hiyo ya pili ni sehemu ya njia inayokusudiwa kuunganisha Kairo na Cape Town, na ndiyo inayopitwa na malori ya watalii wanaosafiri kwa makundi kutoka nchi hadi nchi.

Makala haya yanaeleza aina hiyo ya utalii, chimbuko lake na namna inavyoendeshwa. Hoja yake kuu ni kwamba misafara ya watalii wa leo imefuata muundo ule ule wa misafara ya kale ya Afrika Mashariki, ila imeiacha nyuma lugha iliyoiendesha misafara hiyo, yaani Kiswahili. Pengo hilo la lugha ni mojawapo ya sababu zinazomfanya mwenyeji wa barabarani abaki mtazamaji tu.

Utalii wa Shanta ni Nini?

Shanta ni mfuko wa kubebea vitu mgongoni, ambao zamani ulijulikana zaidi kwa askari. Kwa kuwa msafiri wa aina hii hubeba mali yake yote mgongoni, ni sahihi kumwita mtalii wa shanta, na safari yake kuiita safari ya nchi kavu, kwa maana kwamba haikatizwi kwa ndege baina ya nchi na nchi. Wengine husema "utalii wa mkoba", lakini mkoba ni neno pana mno: hata mwalimu aendaye darasani hubeba mkoba.

Watalii wa shanta wako wa namna mbili. Wapo wanaosafiri peke yao au wawili wawili, wakipanda mabasi na matatu pamoja na wenyeji. Wapo pia wanaojiunga na kundi lililoandaliwa na kampuni. Hawa wa pili husafiri kwa lori kubwa lililogeuzwa umbo: nyuma huwekwa viti ishirini na ushei, madirisha mapana na makabati ya kufungia mizigo. Ubavuni huwa na masanduku ya vyombo vya jikoni, tangi la maji na mahali pa kupakia mahema. Lori huongozwa na dereva na kiongozi wa kundi, na mara nyingine mpishi. Wasafiri hutoka nchi mbalimbali, na wengi hukutana kwa mara ya kwanza siku ya kuondoka.

Maisha ya lori yana kanuni zake. Kazi hugawanywa kwa zamu: leo hawa wanapika, kesho wanaosha vyombo, keshokutwa wanapakia mizigo. Kila jioni mahema hupigwa, na alfajiri hung'olewa. Katika misafara mingi, mbali na nauli iliyolipwa mapema kwa kampuni, kila msafiri hutoa fedha katika mfuko wa pamoja wa kununulia chakula na kulipia kambi. Safari huweza kuchukua majuma mawili au miezi kadhaa. Njia inayojulikana zaidi huanzia Nairobi na kuishia Cape Town, kupitia Tanzania, Malawi, Zambia, maporomoko ya Victoria, Botswana na Namibia, na huchukua takribani miezi miwili. Makundi mengine hutangulia Uganda na Rwanda kuwatazama sokwe wa milimani, na mengine huelekea kaskazini kupitia Isiolo hadi Ethiopia.

Njia Zilivyofunguka na Kufungika

Wazo la kuivuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini ni la zamani. Katika karne ya 19 Cecil Rhodes aliota reli ya kutoka Cape hadi Kairo, na ndoto hiyo haikutimia. Kati ya mwaka 1924 na 1926 msafara wa Chaplin Court Treatt na mkewe Stella uliendesha magari kutoka Cape Town hadi Kairo, nao ulichukua takribani miezi kumi na sita. Mahali pengi hapakuwa na barabara, hivyo magari yalivutwa kwa kamba na kuvushwa mito kwa nguvu za watu.

Utalii wa makundi kwa malori ulikuja baadaye. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Ulaya walisafiri kwa barabara kutoka London hadi Kathmandu, wakipitia Uturuki, Irani, Afghanistani na India. Mwaka 1979 yalitokea mapinduzi ya Irani na majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistani. Njia hiyo ikafungika, na makampuni yakazidi kuielekea Afrika. Wakati huo malori yalivuka jangwa la Sahara kupitia Algeria, yakapenya misitu ya Zaire na hatimaye kuwasili Nairobi. Njia hiyo nayo ilikumbwa na vita: Algeria ilitumbukia katika mapigano ya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1992, na Zaire tangu mwaka 1996. Wakati huo huo Afrika Kusini ilikuwa imeondokana na ubaguzi wa rangi mwaka 1994 na kuwafungulia wageni milango. Hivyo ndivyo Nairobi, iliyokuwa mwisho wa safari, ilivyogeuka kuwa mwanzo wake.

Njia ya kaskazini inayopita karibu na Kiirua ilichelewa. Enzi za ukoloni wilaya za mpaka wa kaskazini zilifungwa, na raia hakuruhusiwa kuzidi Isiolo bila kibali. Baada ya uhuru vilifuata vita vya Shifta vya mwaka 1963 hadi 1967, kisha miongo mingi ya ujambazi barabarani. Magari yalisafiri kwa misafara yakilindwa na askari wenye silaha, na abiria wengi waliketi juu ya malori ya ng'ombe. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni takribani kilomita 500, na mwendo huo uliweza kumchukua msafiri siku mbili au zaidi kwa sababu ya mawe na vumbi. Hali ilibadilika lami ilipowekwa kwa awamu, kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na wafadhili wengine, na kukamilika katikati ya miaka ya 2010. Sasa basi huweza kutoka Nairobi na kufika Moyale kwa safari moja ya mfululizo.

Hata hivyo, lami peke yake haileti wageni. Vita vya Tigray vya mwaka 2020 hadi 2022 viliwazuia wengi kupita Ethiopia, na vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 vimeikata njia ya kwenda Kairo. Mtu wa Subuiga anayehesabu malori ya watalii kwa jicho huweza kupima hali ya nchi za mbali kwa wingi au uchache wa malori hayo.

Misafara ya Kale

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuyaona makundi haya kuwa kitu kipya. Neno safari lilitokana na Kiarabu, likazama katika Kiswahili, na katika karne ya 19 likaingia katika Kiingereza kupitia kwa wageni waliosafiri pamoja na Waswahili. Kutokana na mzizi huo huo tukapata msafiri na msafara.

Msafara wa kale ulikuwa shirika kamili. Ulikusanyika Bagamoyo, Pangani au Mombasa, ukabeba nguo, shanga na nyaya za shaba, ukaenda bara kutafuta pembe za ndovu. Kwa masikitiko, mingi ilirudi pia na watu waliotiwa utumwani. Mbele alitangulia kirangozi, mtu wa kujua njia, maji na desturi za kila nchi. Nyuma yake walifuata wapagazi, kila mmoja na mzigo wa takribani kilo 30 begani au kichwani. Wanyapara walisimamia vikosi, na askari walilinda. Jioni kambi ilijengwa, moto ukawashwa, na watu wakala kwa makundi. Ukilinganisha na lori la leo, utaona kwamba kiongozi wa kundi ameshika nafasi ya kirangozi, injini imeshika nafasi ya wapagazi, na zamu za kupika ni zile zile za kambini.

Misafara ya namna hii ilifika hata pande za Mlima Kenya. Mwaka 1887 Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel waliondoka Pangani, wakapita magharibi ya mlima huo na kufika ziwa Turkana mwaka 1888. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, ambaye alizijua njia za bara kabla ya wageni hao kuzichora katika ramani. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler alitoka pwani ya Lamu akiandamana na von Höhnel, wakafuata mto Tana na kufikia milima ya Nyambene katika nchi ya Wameru. Mwishoni mwa mwaka 1893 wapagazi wengi walimtoroka Chanler, na safari yake ikavunjika hapo hapo. Tukio hilo linadhihirisha kwamba, hata mfadhili awe tajiri kiasi gani, msafara ulisimama juu ya watu waliojua njia na lugha.

Ikumbukwe pia kwamba Waswahili wenyewe walikuwa wasafiri na waandishi wa safari. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha na safari zake kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, ambamo Selim bin Abakari anasimulia safari iliyomfikisha Urusi na Siberia. Kwa hiyo desturi ya kuvuka nchi nyingi na kuziandika ilikuwapo katika lugha hii kabla ya lori la kwanza la watalii kuonekana.

Maneno Yaliyobaki Njiani

Reli ya Uganda ilipofika ziwa Victoria mwaka 1901, kazi ya upagazi ilianza kupungua. Vita vya kwanza vya dunia viliirudisha kwa ukali mkubwa, maelfu ya wanaume walipochukuliwa kuwabebea wanajeshi mizigo. Jina la kikosi chao cha wapagazi lilitamkwa Kariakoo, na limebaki hadi leo kuwa jina la soko na mtaa jijini Dar es Salaam. Hatimaye misafara ya miguu ilikoma, lakini msamiati wake haukukoma. Maneno kadhaa ya kila siku yalizaliwa au kukomaa katika njia za misafara.

Neno la kwanza ni hongo. Zamani hongo ilikuwa ushuru uliolipwa kwa mtawala wa nchi ili msafara uruhusiwe kupita na kuteka maji. Ugogo, nchi yenye uhaba wa maji katika njia ya Bagamoyo na Ujiji, ilijulikana sana kwa hongo. Malipo hayo yalifanywa hadharani, yakijadiliwa kwa siku kadhaa. Leo neno hilo hilo lina maana ya malipo haramu yanayotolewa kwa siri. Ushuru halali, kama ada ya viza na ada ya kuingia mbugani, umepewa majina mengine.

La pili ni posho, yaani chakula alichopimiwa mpagazi kwa siku. Neno hili limesafiri kuliko mpagazi mwenyewe. Nchini Tanzania posho ni fedha anayolipwa mtu kwa kuhudhuria kikao au kwa kazi ya nje ya kituo. Nchini Kenya watu hupeleka mahindi kusagwa kwenye kinu cha posho. Nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Mtalii anayepita nchi hizo tatu kwa lori moja hukutana na historia nzima ya upagazi katika neno hilo, iwapo kuna wa kumweleza.

La tatu ni mtumba, uliokuwa furushi la nguo lililofungwa kwa kadiri ya mzigo wa mpagazi mmoja. Leo mitumba ni nguo kuukuu zinazoletwa kutoka ng'ambo na kuuzwa sokoni. Mnyapara naye hajapotea: bado ni msimamizi wa vibarua, na katika magereza ni mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake.

Hata majina ya watu yalibeba hisia za safari. Wengi hulihusisha neno mzungu na kitenzi kuzunguka. Katika Meru, Edward Horne, mkoloni aliyeanzisha kituo cha serikali mjini Meru mwaka 1908, aliitwa na wenyeji Kangangi, jina ambalo hufasiriwa kuwa mtu wa kutangatanga. Wenyeji wa pwani na wa mlimani walimtazama mgeni yule yule, na kila mmoja akampa jina kwa lugha yake.

Kiswahili Barabarani Leo

Ni jambo la kustaajabisha kwamba kundi la watalii huweza kusafiri kwa mwezi mzima ndani ya eneo la Kiswahili bila kukitumia. Lori likiingia Moyale kutoka Ethiopia, ambako husikika Kioromo na Kiamhari, huanza kupita katika masoko ambayo Kiswahili ndicho kiungo chake. Isiolo ni mfano mzuri: Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru huuziana mifugo na nafaka kwa lugha hii. Kutoka hapo Kiswahili huendelea kupitia Nairobi, Namanga, Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia. Upande wa magharibi husikika Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hadi Lubumbashi.

Hadhi rasmi ya lugha hii pia imepanda. Umoja wa Afrika ulikisikia katika kikao cha wakuu wa nchi mwaka 2004 kupitia kwa Rais Joaquim Chissano. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikipokea kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na mwaka 2021 UNESCO ilitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani.

Pamoja na hayo, Kiswahili kinachosikika ndani ya lori hakizidi maneno manne au matano. "Jambo" na "hakuna matata" yalienezwa na wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms mwaka 1982, na filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ikalipeleka la pili duniani kote. Mgeni hutamka "jambo" akidhani amesalimu, ilhali msemaji wa Kiswahili husema "hujambo" na kungoja jibu. Kosa lenyewe ni dogo. Tatizo ni kwamba salamu isiyongoja jibu haiwezi kuzaa mazungumzo.

Lugha ya barabarani ina tofauti ambazo ni utajiri kwa mwanafunzi na msafiri pia. Gari la abiria liitwalo matatu nchini Kenya ni daladala nchini Tanzania na taksi nchini Uganda. Mteja wa Kenya huweza kusema "nipe chai" bila kumkera mtu; akivuka Namanga ataonekana mwenye adabu zaidi akisema "naomba chai". Kijana aliyezoea kumsalimu mzee kwa "habari" atajifunza upesi kwamba nchini Tanzania mzee hungoja "shikamoo". Hata viazi vya Kiirua, ambavyo nyumbani huitwa viazi tu, vikifika Arusha mwuzaji huenda akataka kujua kama ni vitamu au ni mviringo.

Mwenyeji wa Kiirua Hupata Nini?

Fedha ya safari ya lori hufuata njia inayojulikana. Sehemu kubwa hulipwa kwa kampuni kabla msafiri hajaondoka kwao. Nyingine huenda kwenye mafuta, ada za mbuga na kambi. Kinachobaki kwa mwenyeji wa kawaida ni kile kinachotoka katika mfuko wa pamoja, yaani fedha ya nyanya, kabichi, viazi, mayai na nyama. Hicho ndicho kiungo kati ya lori na shamba la Kiirua, Kibirichia au Timau.

Kiungo hiki hukatika kwa urahisi. Kundi lenye zamu ya kupika, likiwa na wasafiri wasiojua hata kuhesabu kwa Kiswahili, huona ni salama zaidi kununua katika duka kubwa la Nanyuki, ambako bei imebandikwa na hakuna wa kuzungumza naye. Mama anayeuza viazi kando ya barabara hukosa mnunuzi, si kwa sababu viazi vyake ni duni, bali kwa sababu bei yake haisomeki. Husemwa, hujadiliwa na kukubaliwa. Sokoni, kupatana bei ni kazi ya lugha tangu mwanzo hadi mwisho.

Hasara ya pili ni ya maarifa. Mgeni anayetoka Nanyuki kwenda Isiolo huwa na Mlima Kenya mkono wake wa kulia. Hupita mashamba ya Timau, hufika Subuiga, kisha huteremka zaidi ya mita elfu moja kuingia nchi ya joto na miiba. Mwendo wote huo ni mfupi, na wengi huutumia kulala. Hawajui kwamba katika barabara hiyo ya Nanyuki na Meru kuna njia ya chini iliyojengwa kwa ajili ya ndovu. Ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2010, na ndovu wa kwanza alipita mwanzoni mwa mwaka 2011. Ni sehemu ya ushoroba wa takribani kilomita 14 unaounganisha msitu wa mlimani na Ngare Ndare na Lewa, ili wanyama wapande na kushuka bila kuvamia mashamba wala kugongwa na magari. Mwaka 2013 Lewa na Ngare Ndare ziliongezwa katika urithi wa dunia wa Mlima Kenya, ulioorodheshwa mwaka 1997. Ndovu wamejengewa njia yao; binadamu wa lori na binadamu wa shamba bado hawajapata ya kukutania.

Zamani mambo haya yangesemwa na kirangozi. Kiongozi wa lori huijua njia, lakini aghalabu si mwenyeji wa kila nchi apitayo, na hawezi kulaumiwa kwa kutoyajua yote. Anayeyajua ni kijana wa Kiirua aliyekulia kati ya mkulima na mfugaji, anayezungumza Kimeru nyumbani na Kiswahili sokoni Isiolo. Kijana huyo hana nafasi katika lori.

Yanayoweza Kufanyika

Hatua ya kwanza iko ndani ya lori lenyewe. Saa moja ya mafunzo kila siku, wakati gari linatembea, yatosha kumpa mgeni salamu kamili, hesabu hadi elfu, majina ya vyakula na adabu ya kupatana bei. Vitabu vidogo vya maneno vipo, ila vingi huandikwa kwa ajili ya mteja wa hoteli: "niletee taulo", "chumba changu kiko wapi". Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kutunga kijitabu cha msafiri wa lori, kikifuata barabara kutoka Moyale hadi Tunduma na kuonyesha tofauti za matumizi katika kila nchi.

Hatua ya pili ni kumrudisha kirangozi. Kundi linaloingia Buuri linaweza kupokewa na mwongozaji wa hapo, aliyefunzwa na kulipwa kwa siku. Nchini Kenya Chuo cha Utalii kilifunguliwa mwaka 1975, na upo utaratibu wa kuwatahini waongozaji kwa viwango vya shaba, fedha na dhahabu. Vyuo vikuu vilivyo karibu, vikiwemo vya Meru na Chuka, vina wanafunzi wa fani mbalimbali ambao wangeweza kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo. Kinachohitajika ni wao kuitafiti historia ya mahali na kuweza kuieleza kwa lugha sahihi.

Hatua ya tatu ni ya istilahi. Utalii umekuwa ukizungumzwa kwa maneno ya kigeni hata pale Kiswahili kina maneno yake. Makala haya yametumia shanta, msafara, safari ya nchi kavu, mfuko wa pamoja na ushoroba. Yapo mengine yanayosubiri kufufuliwa au kusanifiwa, nayo yasipotumiwa na wasomi wa lugha, hayatatumiwa na madereva wala wapishi.

Hatua ya nne ndiyo yenye uzito zaidi: vijana wa Afrika Mashariki wenyewe wasafiri. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haikuwamo katika utaratibu huo. Kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa Namanga mwaka 2018 kimepunguza foleni. Mabasi yapo, na lugha ipo. Makongamano ya CHAWAKAMA, ambayo huwakutanisha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya kanda hii, yameshawafanya wengi kuvuka mpaka kwa basi kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi kutoka Meru aendaye Dar es Salaam kwa namna hiyo ni msafiri wa shanta sawasawa na Mzungu wa ndani ya lori, na ana jambo la ziada: anaweza kuzungumza na abiria wa kiti cha pili tangu mwanzo wa safari hadi mwisho wake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utalii wa makundi kwa njia ya nchi kavu una mizizi katika misafara iliyoendeshwa kwa Kiswahili, na kwamba maneno kama hongo, posho na mtumba ni ushahidi unaoishi wa historia hiyo. Yameonyesha pia kwamba barabara iliyo karibu na Kiirua, licha ya lami yake, haijawa njia ya kumwinua mwenyeji, kwa kuwa mgeni hupita bila mkalimani, bila mwongozaji na bila maneno ya kununulia hata kilo ya viazi.

Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Wanafunzi wa Kiswahili wana ujuzi ambao barabara hii inauhitaji, na si lazima wangoje kampuni ya ng'ambo iwaalike. Waanze kwa kuzikusanya habari za mahali wanapotoka: jina la kila kituo, kila mto na kila kilima kati ya Timau na Isiolo, pamoja na masimulizi ya wazee walioshuhudia barabara ikiwa ya vumbi na magari yakilindwa kwa bunduki. Habari hizo zikishaandikwa kwa Kiswahili, kijana wa Kiirua atakuwa na la kumwambia mgeni atakayeshuka, na mgeni atakuwa na sababu ya kushuka.